Maiti kwenye Stroberi za Mama Wangeci

Kwanza wekeni hizo pampu chini. Najua mmezijaza, najua mmevaa ovaroli mpya na picha mmeshazitupa kwenye simu watu wote wazione, lakini dawa haitaoza mkikaa kidogo. Kaeni. Anayeongea nanyi amebeba pampu mgongoni kutoka Mukurweini mpaka Naro Moru, na amestaafu akiwa bado na meno yake yote. Shule niliiacha darasa la sita. Lakini ile nyumba ya mabati ya bluu mnayoiona mkipita Kiganjo, mimi ndiye niliyeijenga, na hata fundi wa mawe alikuwa akiniuliza mimi pembe ikae wapi.

Sijasema hivyo kujisifu. Nimesema ili mjue mnamsikiliza nani.

Mmeniomba niwaeleze habari za dawa: ipi kali, ipi inachanganywa na ipi, nozeli ya namna gani. Hayo mtasoma kwenye chupa, nyinyi mmesoma. Mimi nitawaambia habari za shamba ambalo sikulipiga dawa kabisa, kwa maana hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Kupiga dawa hata mlevi anaweza. Jaribu kusimama shambani na pampu imejaa, mwenye mimea anakutazama machoni, mumewe anacheka kwenye ua, na wewe usipige.

Shamba lenyewe ni la Mama Wangeci, upande wa Naro Moru, kando ya barabara ya vumbi. Mumewe, Mzee Nderitu, ni mtu wa waru, yaani viazi. Ukimsalimia anakujibu kwa habari za waru. Ekari zote pale zilipandwa alivyotaka yeye, isipokuwa kipande kimoja chembamba kando ya barabara ambacho mkewe alikiomba apande stroberi. Mzee alikubali kwa maneno haya, na aliyasema mbele ya watu: "Jaribu. Ikikauka, narudisha waru."

Kwa hiyo hicho kipande hakikuwa cha stroberi tu. Kilikuwa mahali pekee kwenye ule udongo ambapo neno la Mama Wangeci lilikuwa la mwisho. Kama hamwelewi uzito wa jambo hilo, waulizeni mama zenu.

Akanipigia simu wakati wa kiangazi. Nilipofika alikuwa getini tayari.

"Fundi, majani yangu imekuwa rangi ya kahawa. Ni jua ama nimerogwa?"

"Jua halirogi, Mama Wangeci. Twende nione."

Sasa sikieni vizuri hapa, kwa sababu wengi wenu mnatibu jani kwa kulitazama usoni. Jani halisemi ukweli usoni. Ligeuze. Chagua lile baya kabisa, la upande wenye vumbi, kwa maana hao wadudu wanapenda vumbi na ukavu. Likung'ute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga unaanza kutembea, hao ndio wenyewe. Ni wadogo sana, wengine wekundu, wengine kama maji ya chai, na wamesuka utando mwembamba chini ya jani. Wananyonya mpaka jani linabaki na madoadoa, kisha linakuwa la kahawa, kisha linakufa. Mimi nilikuwa na lenzi, kioo kidogo nilichopewa na mtengeneza saa wa Nyeri mjini, nikatazama. Walikuwa wamejaa kama watu siku ya soko Karatina.

Sasa, jina. Kiswahili chao ni utitiri. Lakini wataalamu walipokuja na neno lao la Kizungu, "mites", ulimi wetu wa huku mlimani ukalipokea ukalimalizia kazi: maiti. Huku kwetu mtu akikuambia, "Niko na maiti kwa maharagwe," hakimbilii polisi, anakimbilia agroveti, duka la dawa za shamba. Hakuna anayeshtuka. Isipokuwa Mzee Salimu.

Mzee Salimu ni wa Majengo, Nyeri mjini, anatengeneza pampu. Zamani alikuwa msimamizi wa wapiga dawa kwenye mashamba ya maua, na kila ninachojua ambacho sikujifundisha mwenyewe, yeye ndiye aliyenifundisha. Kwa hiyo si kingi, lakini ni kizuri. Nilimpigia simu papo hapo, nimesimama kati ya mistari ya stroberi.

"Mzee, niko hapa kwa Mama Wangeci. Maiti wamejaa shamba lote."

Nikamsikia: "Innaa lillahi. Maina, umeita polisi?"

"Polisi wa nini? Wengi wamejificha chini ya majani."

"Chini ya majani! Nani amewaficha?"

"Wamejificha wenyewe, Mzee. Hata sasa wanatembea."

Nilisikia kitu cha chuma kikianguka, nadhani ni pampu ya mtu. Alipoelewa, alinikemea mpaka nikaitoa simu sikioni. "Sema utitiri! Neno lipo, halijaenda likizo! Utawaua watu kwa presha. Siku moja hilo neno lako litakuponza, nakwambia."

Nikacheka. Watu wa Majengo wanakipenda Kiswahili kama chai ya tangawizi, hawataki kimwagike.

Kisha akaniuliza swali ambalo nataka mlishike kabla ya kushika pampu. "Wageni umewaona?"

Wageni ni mbawakawa. Si yule mkubwa mwekundu mwenye madoa mnayemchora shuleni. Huyu ni mweusi, mdogo, kichwa cha pini ni kaka yake. Chakula chake ni utitiri, hataki kingine. Tulimwita mgeni kwa sababu ya jinsi anavyokuja na kuondoka, na mfano alionipa Mzee Salimu siku nilipokuwa bado kijana, mjue, ulikuwa mimi mwenyewe.

Mimi kila Idd huenda kwake kula pilau. Sijawahi kualikwa. Nafuata harufu. Basi siku hiyo akasema mbele ya wanawe wote: "Mkitaka kumwelewa mbawakawa, mtazameni Maina. Pilau ikiwa kidogo, anazunguka ua mzima anatafuta punje. Ikiwa nyingi, anakula sahani ya pili na ya tatu. Lakini mtazameni kwenye ya nne."

Kwa kweli ya nne ilikuwa imenishinda.

"Mnaona? Hata umwekee sufuria nzima, tumbo lina mwisho. Mgeni mmoja hawezi kumaliza karamu. Lakini Idd ijayo anakuja na mke. Ile nyingine anakuja na watoto. Sasa ndipo sufuria inaona kitako chake. Na ikishaisha, mtafute Maina mtaani. Humwoni tena."

Vijana, ameyasema yote. Utitiri ukiwa mchache, mgeni anapoteza siku akitafuta, na mama mwenye njaa hatagi. Ukiwa mwingi, kila mmoja anakula zaidi mpaka ashibe, na mama aliyeshiba anataga pale pale penye chakula, na wengine wanaruka kutoka vichakani wanakuja. Lakini mtoto hazaliwi na kukua kwa siku moja. Kwa hiyo wageni siku zote wamechelewa. Utitiri unapanda kwanza, wao wanafuata nyuma. Katikati hapo, ule muda wa kungoja, ndipo watu wanaposhindwa kuvumilia na kupiga dawa kali. Dawa kali inaua wageni wote, na utitiri unabaki na mayai yake. Unarudi upesi, na sasa hakuna wa kuula.

Nikamwambia Mama Wangeci mpango wangu. Tunanyunyiza maji chini ya majani asubuhi kuondoa vumbi. Hatupigi kitu. Ile kona mbaya kabisa tunaiacha ilivyo, maana hapo ndipo meza ilipo. Na ule mbarika uliokuwa kwenye ua, ambao sisi huuita mwariki, usikatwe, kwa sababu niligeuza jani lake nikakuta utitiri, na kati ya utitiri nikakuta vitu viwili vitatu vyeusi vikitembea kwa haraka kama watu waliochelewa kanisani.

"Wageni wamefika," nikamwambia.

Mzee Nderitu alikuwa ameegemea ua. "Fundi gani huyu? Anakuja na pampu imejaa, anarudi nayo imejaa. Ni pampu ama ni mkoba ya kanisa?"

"Baba Wangeci, wacha mtu afanye kazi yake," mkewe akasema.

"Kazi gani? Anaangalia majani kama anasoma gazeti." Kisha akageuka kwangu, na sasa hakuwa akicheka sana. "Trekta inakuja Jumamosi ya wiki ijayo kulima kwa jirani. Nimeongea na dereva. Ikifika hapa na hii kitu bado ni ya kahawa, inapita hapa pia."

Mama Wangeci aliinama akang'oa gugu ambalo halikuwepo.

Nilirudi tena na wageni walikuwa wamehamia kwenye ile kona mbaya. Nilipata mayai yao, marefu kidogo, yamelazwa kati ya utando. Nilipata watoto pia, wa kijivu, wana miguu, wanatambaa. Nilifurahi mpaka nikapiga mluzi barabara nzima. Najua hakuna mwingine kutoka Kiganjo mpaka mlimani ambaye angewaona kwa jicho la haraka hivyo, nimeuliza na hakuna aliyebisha.

Niliporudi mara ya tatu nikageuza jani kwenye ile kona. Hakuna mweusi hata mmoja. Nikageuza lingine. Hakuna. Utitiri ulikuwa unatembea kwa raha, kama shamba ni lao.

Nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Ni Mzee Nderitu, magoti yana udongo, mkononi kopo la rangi lenye maji ya sabuni, na uso wake una tabasamu ambalo sikuwa nimewahi kuliona pale.

"Nimekusaidia kazi, Fundi."

"Kazi gani, Mzee?"

Akaniletea kopo karibu. Juu ya maji kulikuwa na vitu vyeusi vinaelea, vidogo, vingi, kama mtu amemwaga pilipili manga.

"Maiti yako hiyo. Yote. Nimeokota tangu asubuhi."

Nililipokea lile kopo kwa mikono miwili.

"Mimi nilikuwa nasema nyinyi mnadanganya na hii jina," akaendelea, na hata sauti yake ilikuwa ya furaha. "Ati maiti. Maiti gani inatembea? Lakini nikashika moja, ikakunja miguu, ikaanguka, ikalala hapo kimya. Nikaishika ingine, hivyo hivyo. Nikasema, kumbe kweli! Hii ndiyo maiti!"

Mnajua mbawakawa huyo hufanya hivyo akiguswa? Anakunja miguu na kujifanya amekufa mpaka hatari ipite. Utitiri haufanyi hivyo, unaendelea tu kutembea. Basi mzee wa watu alisikia jina, akatafuta anayefanana nalo, akampata. Kwa akili yake hakukosea hata kidogo. Jina ndilo lilikosea, na hilo jina ni letu sote, kwa hiyo lawama nimewagawia wote wa mlimani, na nyinyi chukueni yenu.

Mama Wangeci alikuja, akatazama kopo, akatazama magoti ya mumewe.

"Baba Wangeci. Umeua wageni wangu."

"Wageni? Hakuna mtu aliniambia kuna wageni!"

"Na wewe ulikuwa unaokota kwa nini? Si unataka trekta?"

Mzee akatazama waru zake, akatazama mlima. "Magoti yalikuwa yanauma," akasema, "nikaona niyanyooshe." Jamani. Anayenyoosha magoti kwa kupiga magoti! Lakini habari ya trekta hakuifuta. Alikuwa ameisema mbele ya watu.

Nikaenda kando nikampigia Mzee Salimu. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, na nikasikia wateja wake wakimuuliza kama anataka maji.

"Nilikwambia neno litakuponza! Haya. Utitiri uko wapi sasa?"

"Umeongezeka."

"Mwingi?"

"Mwingi sana, Mzee."

"Vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Wewe bwana, umefukuza watu mezani, harufu ya pilau hujaifukuza. Huyo mzee aliokota wanaoanguka. Mayai hayaanguki. Watoto wamejishika kwenye utando. Na wale wa kwenye mbarika je? Wao hawajasikia habari za kopo. Ngoja. Lakini mwambie mwenye shamba ukweli, kwamba huenda wakachelewa kuliko trekta."

Hapo, vijana, ndipo mkono uliniwasha. Pampu ilikuwa pale. Ningepiga, jani lingeonekana safi Jumamosi, trekta ingepita njia, na jina langu lingebaki juu. Baada ya hapo utitiri ungerudi wote, lakini nani angenikumbuka? Mama Wangeci naye alikuwa anaiangalia ile pampu.

"Fundi, piga tu. Trekta inakuja."

Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi, pamoja na hilo la kuchelewa. Nikamwambia, "Ukisema nipige, nitapiga sasa hivi. Lakini wageni wakifa na wale wa mbarika wasikaribie tena kwa sababu ya dawa, utanitafuta kila mwezi. Mimi nitakuja, na kila nikija stroberi zitakuwa mbaya zaidi. Hii ni yako. Sema wewe."

Aliipita pampu, akageuza jani moja mwenyewe, akalitazama.

"Ni yangu," akasema. "Tungoje."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Msimwambie mke wangu, yeye anadhani ni nyama niliyokula.

Jumamosi nilifika kabla ya trekta. Majani ya zamani yalikuwa bado ya kahawa, na nawaambia hivyo kwa sababu nyinyi mnapenda miujiza: jani lililokufa halirudi kuwa kijani. Msitazame hayo. Tazameni jani la moyoni, lile changa linalotoka katikati. Nikapiga magoti, nikafungua la kwanza. Kijani. La pili kijani. Nikageuza la zamani chini yake, nikaweka lenzi. Watoto wa kijivu walikuwa wamejaa, na weusi wapya kati yao, wanang'aa kama viatu vya Jumapili.

Trekta ikafika inatetemeka. Dereva akapiga kelele, "Mzee! Ni hapa kwanza ama kwa jirani?"

Mzee Nderitu akaja, akatazama kile kipande kutoka juu, na kutoka juu kilikuwa cha kahawa. Akakuna shingo. Nilifungua mdomo nimpe hotuba, nilikuwa nimeitayarisha, nzuri sana, lakini Mama Wangeci alikuwa ameshaninyang'anya lenzi.

"Baba Wangeci, si wewe unapenda kunyoosha magoti? Yanyooshe hapa."

"Dereva anangoja, mama."

"Angoje."

Mzee akapiga magoti. Mkewe akamgeuzia jani, akamwekea lenzi jichoni. Trekta ilinguruma pale barabarani. Dereva akazima, akawasha sigara.

"Haiya," Mzee akasema. Kisha, "Hii nyeusi imeshika ile nyekundu kwa shingo."

"Ĩĩ, ndiyo," mkewe akasema.

"Inaimaliza yote?"

"Yote. Inabakisha ngozi."

"Kwa hivyo maiti," akasema polepole, jicho bado liko kwenye lenzi, "maiti ni hii nyekundu. Na mimi nilikuwa naokota..."

"Ulikuwa unaokota wageni wangu, na kopo ya rangi."

Alikaa pale chini mpaka sigara ya dereva ikaisha. Aliposimama alijipangusa magoti, akavaa kofia yake vizuri kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya wakwe, akamwambia yule dereva kwa sauti kubwa: "Enda kwa jirani!"

"Na hapa?"

"Hapa kuna watu wanakula. Wewe mama yako alikufundisha kuondolea wageni meza?"

Dereva alitazama shamba lote akitafuta hao watu. Sijui aliwaza nini, lakini aliondoka upesi.

Imebaki sehemu ambayo wengi wenu mngeikosea. Mvua zilipokuja na stroberi zilipojaa, Mama Wangeci alinipigia simu kwa huzuni. "Fundi, wageni wameenda. Nimegeuza majani yote. Nimewakosea nini?" Nikamuuliza utitiri anauona? Akasema lazima atafute sana. Nikamwambia basi hujakosea kitu, pilau imeisha, na hakuna mgeni anayekaa kutazama sufuria tupu. Usitafute kuumaliza huo utitiri kabisa. Acha mbarika kwenye ua na majani yake machafu, hapo patabaki wageni wachache wa kukaa. Kiangazi kikirudi utaona madoadoa, utaogopa, na wao watachelewa kama kawaida yao. Watakuja.

Na wamekuja, kila kiangazi. Mimi siku hizi napita pale kula stroberi tu. Sialikwi.

Mmoja wenu alikwenda pale juzi, na simtaji kwa sababu ameketi hapa mbele anatazama viatu vyake. Akiwa barabarani aliona majani yana madoa, akaingia na pampu mgongoni, amejaa moyo. Mzee Nderitu akamkuta getini kabla hajafika mstari wa kwanza.

"Weka hiyo kitu chini. Kuna wageni."

Kijana wetu akatazama huku na huku, hakuona mtu, akasema kwa heshima, ametumia shule yake yote: "Samahani, Mzee. Basi naomba tu kuongea na mwenye shamba."

Mzee Nderitu, mtu wa waru, mwenye ekari zote zile, aligeukia nyumba, akaweka mikono mdomoni, akaita.

"Mama Wangeci! Unatafutwa. Kuna mtu anataka mwenye shamba."